Kiti cha Pili

Ugomvi wa siku hiyo ulikuwa juu ya mlipuko. Tegemea alitaka meli ikipigwa ilipuke kwa kishindo, na Nyamizi alikuwa anamweleza kwa mara ya mia kwamba angani hakuna hewa, na pasipo hewa hakuna kishindo.

"Dada, watu wanataka kusikia," Tegemea alisema, mdomo umejaa chapati. "Nimeipiga meli ya mtu, nimeitoboa tumbo, halafu kimya? Hata glasi ikivunjika jikoni inasikika."

"Wakitaka kelele waende kwenye mashine za kusaga chuma. Zipo tele, na hazina kiingilio."

"Unaona sasa? Ndiyo maana huna marafiki."

"Ninao mia saba. Wote wanacheza kiraka changu."

Alikuwa anajigamba, lakini hakusema uongo. Makazi yote mawili, Karakana na Kisima, yalikuwa na watu mia tisa na kidogo, waliochimbiwa nyumba ndani ya miamba miwili inayolizunguka jua mbali kuliko Mirihi. Karakana walitengeneza meli. Kisima walikata barafu. Baada ya kazi hakukuwa na pwani ya kwenda wala mpira wa kutazama, ila mchezo mmoja wa kompyuta uliokuja na walowezi wa kwanza, unaoitwa Misafara, ambamo mtu anabeba shehena kutoka nyota hadi nyota na kuuza. Ulikuwa mchezo uliopooza kabisa. Miaka sita iliyopita Nyamizi Lugoe, fundi wa injini, mwanamke wa miaka arobaini na moja asiyependa kubembelezwa, aliushonea kiraka: nyongeza yake mwenyewe juu ya mchezo wa wenyewe, ili meli zile ziweze kupigana. Akakiita Chuma kwa Chuma. Tegemea, jirani yake wa chumba cha pili, akajitolea kuchora.

Kilichowapendeza watu katika kiraka hicho ni ukweli wake. Nyamizi hakubuni namba hata moja. Uzito wa meli, joto la injini, urefu wa moto unaotoka mkiani, vyote alivipima kwenye injini alizozifungua kwa mikono yake katika miaka kumi na tano ya ufundi. Manahodha wa kweli walikuwa wamelibandika jedwali lake ukutani karibu na usukani, wakalitumia kujua wafunge breki umbali gani kutoka mlangoni. Hilo lilimpa kichwa, na alikuwa na haki ya kuwa nacho.

"Basi tujaribu toleo la nne," Tegemea alisema, akajifuta vidole kwenye suruali. "Mimi nakuja, wewe kaa mlangoni."

Wakakaa kila mtu na kioo chake cha kompyuta. Tegemea akaileta meli yake kwenye mlango wa mwamba, kwa kasi, kama meli zote zinavyokuja. Ili kusimama ilibidi aigeuze, mkia uangalie mlango, kisha awashe injini. Huko juu breki ni hiyo tu. Lakini injini ya meli ikiwashwa ndani ya kilomita arobaini, moto wake unaweza kuuyeyusha mlango na waliomo. Ndiyo silaha kubwa kuliko zote za mchezo. Kugeuka kunachukua sekunde tisini. Na mlangoni yupo mlinzi mwenye msumeno wa mwanga, ule ule wa milango ya kweli, wa kukatia mabonge ya barafu yanayoujia mwamba, unaohitaji sekunde sita tu.

Tegemea alianza kugeuka. Kidole cha Nyamizi kilishuka. Kwenye kioo meli ikakatika vipande viwili, bila sauti.

"Nimekufa tena," Tegemea alisema. "Mara ya tisa kati ya kumi. Dada, mchezo wako umeharibika. Hakuna akili tena hapa, ni nani kamuwahi mwenzake. Anayegeuka anachinjwa."

"Ndivyo hesabu inavyotoka. Unataka nidanganye?"

"Nataka watu wafurahi."

"Wanafurahi. Yule Kombo wa Kisima ameshinda mara mia mbili mfululizo. Unadhani amenuna?"

Hapo ndipo kifaa cha Nyamizi kilipolia. Ujumbe ulikuwa wa Kapteni Mariamu Shekue, mkuu wa mlango wa Kisima. Sauti kutoka Kisima huchukua dakika tisa kufika, kwa hiyo watu wa miamba hii miwili hawaongei, wanatumiana maneno, na wamezoea kusema yote kwa mkupuo. Shekue alikuwa mcheshi, huanza na utani. Safari hii hakutania.

"Dada Nyamizi, sikiliza hili ukiwa peke yako."

Nyamizi akamtazama Tegemea. Tegemea akachukua sahani yake akaondoka.

* * *

"Juzi asubuhi," sauti ya Shekue iliendelea, "meli yenu ya madini yenye watu kumi na wawili ilikuja mlangoni kwetu. Ilipiga hodi mara tatu, kama desturi. Kombo Faki ndiye alikuwa kwenye zamu. Akaitikia karibu, akawauliza habari za nyumbani, wakacheka. Halafu wakageuza mkia wafunge breki. Nami nilikuwa nimesimama nyuma yake nakunywa chai. Dada, nikaona kaufungua mfuniko wa msumeno. Kidole kipo juu ya kitufe. Nimemshika mkono kwa nguvu mpaka chai imenimwagikia. Akaniangalia kama mtu aliyeamshwa. Hakujua kafanya nini. Alikaa chini akalia, mtu mzima, miaka kumi na tisa yuko mlango ule. Ananiambia, 'Kapteni, nimemwona kageuka tu.' Sijamwambia mtu. Baraza likijua, kesho hakuna meli ya Karakana itakayothubutu kuja, na sisi bila vipuri vyenu hatumalizi miezi miwili. Hata nikimwondoa, nimweke nani? Walinzi wote wanne wanacheza. Kisima nzima inacheza. Wewe ndiye mwenye mchezo. Niambie nifanye nini."

Nyamizi aliusikiliza ujumbe mara mbili. Mara ya pili alikuwa amesimama.

Jambo la kwanza lililomjia lilikuwa hasira. Mjinga gani huyu asiyetofautisha kioo na mlango? Watu kumi na wawili wamepiga hodi, kawaitikia kwa mdomo wake, halafu anataka kuwakata? Akazunguka chumba kile kidogo akimtukana Kombo Faki kwa matusi ya kwao Tabora ambayo mama yake angemfinya kwa kuyatamka.

Jambo la pili lilimnyamazisha. Meli iitwayo Mlezi ilikuwa njiani kwenda Kisima. Iliondoka Karakana wiki iliyopita na watu ishirini na watatu, na nahodha wake alikuwa Machibya Lugoe, mdogo wake wa tumbo moja. Kesho kutwa, saa tano asubuhi, Machibya angefika kwenye njia ya Kisima, na Kisima kimezungukwa na vumbi la barafu pande zote. Njia ni moja, nyembamba, na inanyooka kuelekea mlangoni. Hakuna pa kukwepea. Machibya angepiga hodi, kisha angegeuza mkia.

Akatoka kwenda kupumua. Pale mwisho wa korido ya mafundi pana dirisha, wanapopenda kusimama watu wenye mawazo. Nje, meli ndogo ya mizigo ilikuwa inarudi nyumbani. Nyamizi aliijua, aliibadilisha pampu mwezi uliopita. Aliitazama ikija polepole, ikaanza kugeuka.

Kidole chake kikabonyeza.

Kilikuwa juu ya paja lake, juu ya kitambaa cha suruali, na hapakuwa na kitufe chochote. Hata hivyo kilibonyeza, kwa nguvu, kabla hajawaza lolote. Na moyoni, kwa muda mfupi sana, akasikia raha ya mtu aliyewahi.

Nyamizi akaketi sakafuni chini ya dirisha. Watu wawili walipita wakamsalimia, akaitikia. Hasira kwa Kombo ilikwisha hapo hapo. Mtu hawezi kumlaani mwenzake kwa mkono ambao na yeye anao.

* * *

"Punguza ule moto," Tegemea alisema. Nyamizi alikuwa amemweleza kila kitu. Mambo mengine hayabebeki peke yako. "Namba moja tu. Badala ya kilomita arobaini, weka mbili. Moto ukiwa dhaifu, meli inayogeuka haitishi tena, na wakicheza siku mbili tatu mikono itasahau. Toleo linajisambaza lenyewe. Hakuna atakayejua."

"Na jedwali?"

"Jedwali gani?"

"La ukutani, Tegemea. Manahodha wanasoma namba zangu. Nikiandika mbili, kuna mmoja atafunga breki kilomita tano kutoka mlangoni, aseme Fundi Nyamizi kasema ni salama. Ataunguza watu walio hai."

Tegemea akakuna kidevu. Hakuwa mtu wa kukasirika akishindwa, na hilo ndilo lililofanya avumiliwe kwa miaka sita. "Basi tukifute kiraka kabisa. Waamke kesho hakipo."

"Nimeshawaza. Mikono haifutiki. Kombo ameshageukiwa na meli elfu mbili kwenye kioo, na karibu zote alizikata. Nikimnyang'anya mchezo leo, kesho kutwa atakaa mlangoni na yale yale anayoyajua."

"Kwa nini ule msumeno usiachiwe mashine ipige yenyewe?"

"Unajua kwa nini."

Alijua. Kila mtoto wa miamba hii alijua habari ya ule mwaka wa pili wa makazi, mashine ya mlangoni ilipoidhania meli ya wagonjwa kuwa bonge la barafu. Tangu siku hiyo ilikuwa sheria kwamba msumeno haukai bila mkono wa mtu. Ilikuwa sheria nzuri na hakuna aliyetaka kuigusa.

Kisha Nyamizi akaona kitu alichokikosea, akashangaa jinsi kilivyokuwa wazi. Katika miaka sita alikuwa amepima kila kitu cha meli: vyuma, joto, mwendo, uzito wa mafuta. Hodi hakuiweka. Meli za mchezo wake zilikuja mlangoni bila kusalimia, kama majambazi. Hodi haikuwa na uzito wala joto, hivyo hakuiona kuwa sehemu ya vita.

"Tutie hodi," alisema. "Anayekuja apige hodi mara tatu, wa mlangoni aitikie. Akiitikiwa, ahesabiwe mgeni. Mkono ujifunze kutofautisha."

Tegemea alipiga meza kwa furaha. Waliishona siku hiyo hiyo, wakaipeleka kwanza kwa wachezaji kumi na wawili wa kujaribia, wote wa Karakana. Kesho yake saa tatu asubuhi kila kitu kilikwenda vizuri. Watu walipigiana hodi, wakaitikiana, wakaanza hata kutaniana wakiwa wanageuza mikia. Nyamizi alijihisi mwepesi.

Saa nne na nusu Tegemea akamwita.

"Dada, usinichukie."

"Umefanya nini?"

"Nimepiga hodi. Wa mlangoni kanikaribisha. Nimegeuka taratibu, kama mgeni mwema. Nikawasha ndani ya kilomita thelathini, nikamuunguza mlango na vyote vilivyomo." Aliinamisha kichwa. "Nilitaka tu kuona kama inawezekana. Sasa wote wananiiga. Katika mechi kumi za mwisho, nane wageni wameshinda kwa hodi ya uongo. Yule binti wa stoo ameshasema kwa sauti kwamba kuanzia leo akisikia hodi, anakata kabla haijaisha."

Nyamizi akaliona lote kwa mara moja, akaogopa kuliko alivyoogopa jana yake dirishani. Toleo hilo likifika Kisima, Kombo hataishia kuogopa mkia. Ataogopa salamu. Kitu pekee kilichokuwa kimewatunza watu wa miamba hii tangu mwanzo, wageni wakiwageuzia moto wenyeji na wenyeji wakitulia, kilikuwa neno moja ambalo hakuna aliyewahi kulitumia vibaya. Na yeye kwa saa moja na nusu tu alikuwa amewafundisha watu kumi na wawili jinsi ya kulitumia vibaya.

Akalivuta toleo lile kabla ya chakula cha mchana. Akawaita wale kumi na wawili mmoja mmoja akawaomba radhi. Walicheka, wakamwambia ni mchezo tu. Hakucheka nao.

* * *

Wazo la mwisho lilitoka kwa Tegemea, ingawa yeye mwenyewe hakujua kama ni wazo. Alikuwa anaitazama rekodi ya mechi aliyouawa, akilalamika kama kawaida yake.

"Mtu hajui inavyouma mpaka akae upande huu," alisema. "Sekunde tisini, dada. Unageuka huna la kufanya. Huwezi kukimbia, huwezi kupiga. Unamtegemea mwenzako tu. Ninyi wa mlangoni hamjawahi hata kuiona hiyo."

Nyamizi akageuka kumtazama. "Rudia."

"Nirudie nini?"

"Hatuwaonyeshi. Kombo ameshinda mara mia mbili, na mara zote yuko mlangoni."

Mchana ule wote mpaka jioni hawakufanya kitu kingine. Namba zilibaki zile zile, kilomita arobaini, sekunde tisini, sekunde sita, hakuna uongo hata mmoja. Walichobadilisha ni mwisho wa mechi. Kila aliyeikata meli angerudishwa mwanzo wa mechi ile ile, lakini safari hii akae ndani ya meli aliyoikata. Na mlangoni asikae mtu mwingine. Mashine ingecheza mkono wake mwenyewe, kama ulivyorekodiwa, bila kuongeza wala kupunguza. Angegeuka, angesubiri, na angekatwa na nafsi yake. Pasipo kukubali hilo, ushindi hauandikwi. Wakakiita kiti cha pili.

"Watatuchukia," Tegemea alisema.

"Wengine."

"Na Kombo je? Itamponya kwa siku moja?"

Jibu lilikuwa linamtisha Nyamizi. Alilituma toleo. Kisha akarekodi ujumbe kwa Shekue, akaeleza yote, pamoja na habari ya kidole chake dirishani, jambo ambalo lilimgharimu kulitamka. "Mwambie Kombo nimemsikia," alimaliza. "Mwambie mkono wake ni kosa langu, na mimi pia ninao. Akiweza, akae kwenye kiti cha pili leo, hata mara moja. Na kesho asubuhi, kapteni, simama nyuma yake tena. Nakuomba. Nahodha wa Mlezi ni mdogo wangu."

Jibu la Shekue lilikuwa fupi. "Nitasimama. Lakini dada, siku ile nilimshika kwa bahati tu. Sekunde sita ni chache."

Asingeweza kumwonya Machibya. Alijaribu, akarekodi mara tatu na kufuta mara tatu. Angemwambia nini? Usigeuke? Meli isiyogeuka inaugonga mwamba. Apunguze mwendo kuanzia mbali? Mafuta hayakutosha, alijaza yeye mwenyewe lile tangi. Nahodha mwenye hofu mkononi angefanya kosa lake mwenyewe kabla ya kufika kwa Kombo. Mwishowe alimtumia salamu za kawaida, akamuuliza kama anakula vizuri. Machibya akajibu kwamba anakula kama mfungwa na kwamba dada zake wote wamezaliwa kuuliza jambo moja.

* * *

Saa tano kasoro dakika tano asubuhi Nyamizi alikuwa ameketi kwenye benchi la chumba cha mawasiliano, Tegemea pembeni yake na chupa ya chai ambayo hakuna aliyeigusa. Saa tano kamili Mlezi ingegeuka. Chochote kitakachotokea kingekuwa kimeshatokea huku wao wamekaa pale wakingoja dakika tisa za sauti kupita.

Saa ya ukutani ikafika tano. Nyamizi akashika kingo za benchi.

Saa tano na dakika mbili Tegemea akasogea karibu naye.

Saa tano na dakika saba mashine ikalia. Ujumbe kutoka Kisima, uliorekodiwa dakika mbili kabla ya saa tano. Sauti ilikuwa ya mwanaume, nzito, yenye lafudhi ya Pemba, na nyuma yake palisikika masufuria.

"Asalamu alaykum, Fundi Nyamizi. Ni mie Kombo Faki. Hatujawahi kusemezana, ila miaka sita nacheza kwako, nakuona kama ndugu. Jana kapteni kanipa maneno yako. Nimekaa kwenye kiti chako cha pili. Mara ya kwanza nikasema, huyu anonikata ni nani, mbona hana huruma hata kidogo? Nikakumbuka ni mie." Akakohoa. "Nikarejea mlangoni humo mchezoni, nikajiambia, safari hii nangoja. Nikangoja, meli ikafunga breki salama. Nikangoja ya pili. Ya tatu mkono ukaenda wenyewe. Ya nne ukaenda. Nimejikata mara kumi na nne, fundi. Moyo ulikuwa wataka kungoja, mkono hautaki. Basi nikajua."

Masufuria yakagongana. Mtu akamwambia asogee.

"Leo asubuhi nimesimama mbele ya wenzangu wote nikasema, mie mlangoni sikai. Miaka kumi na tisa, lakini sikai. Nikawauliza na wao waseme kweli, mikono yao ikoje. Wawili wakanyamaza. Wa tatu naye akasema hakai. Kwa hivyo tumemwendea Bi Saumu wa jikoni. Yeye ana cheti cha mlango cha zamani, kabla mchezo wako haujaja. Hajaucheza hata siku moja, anasema ni mambo ya watu wasiokuwa na kazi. Kakubali, lakini kasema mchele wake haujachambuliwa. Basi hivi sasa mie nipo jikoni nachambua mchele. Kutoka hapa sioni mlango wala meli. Nimekwambia mapema ili lolote likitokea ujue kwamba halikuwa mkono wangu. Usikiondoe kiraka. Watu wacheze, na wakae kiti cha pili. Ila mlangoni asikae mchezaji. Liandike hilo kwa jina lako na langu, uwapelekee mabaraza yote mawili. Wasalamu."

Tegemea alikuwa analia waziwazi, bila kuficha uso. Nyamizi hakuweza bado. Saa ilisema tano na dakika tisa, halafu kumi, halafu kumi na mbili. Breki ya meli kama Mlezi ni dakika nane. Halafu kufungwa kamba, halafu mlango wa ndani. Alizihesabu zote kwa sababu alizijua zote.

Saa tano na dakika thelathini na moja mashine ikalia tena.

"We dada," ilisema sauti ya Machibya, imejaa maudhi. "Hivi Kisima wameishiwa watu? Nimekuja mlangoni, nikapiga hodi, akaitikia mama mmoja, sijui wamemtoa wapi. Kaniuliza jina langu, na la baba yangu, na kama nimeoa. Nimegeuza mkia huku ananihoji! Naunguza mafuta, najaribu kuhesabu, yeye ananiambia taratibu mwanangu, taratibu, hakuna anayekufukuza. Watu wangu wote ishirini na wawili wanasikia, wamenicheka mpaka sasa. Sijawahi kufunga breki kwa aibu vile. Tumefika, tupo salama, kuna harufu ya pilau, naenda kula. Umefurahi sasa?"

Nyamizi alicheka, na katikati ya kicheko machozi yakamshuka, akayaacha yashuke. Tegemea akamimina chai, akamsogezea kikombe. Ilikuwa imepoa. Akanywa yote.

Kisha akavuta kinasa sauti karibu na mdomo.

"Machibya," alisema. "Acha kula kidogo, ingia jikoni. Utamkuta mtu mzima anachambua mchele, anaitwa Kombo Faki. Mpe mkono wako aushike. Usimuulize kitu, mwachie mpaka atakapouachia mwenyewe."